Kutu ya Bodi: Tufanyeje Kabla ya Fedha za Fundi Kupatikana

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Nyeri, yakapigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku ile.)



Mlituomba tuzungumze habari za kutu. Jambo hili lilipotajwa katika mkutano uliopita wako waliocheka, wakasema chama ni cha kudai mshahara na saa za kazi, si cha kufundisha watu kupaka magari rangi. Sisi hatukucheka. Hapa Nyeri, na Karatina, na Othaya, na upande wa Kerugoya, Embu na Meru, wanachama wengi hula kwa gari kuukuu. Wako wenye pikapu zao wenyewe za kubebea viazi na kabichi. Wako madereva na mataniboi wa magari ya watu wengine. Wako waliokopa katika ushirika wakanunua gari ambalo lilikuwa limekwisha kutembea miaka ishirini. Bodi ya gari hilo ikianguka, Jumatatu hakuna kazi, na mkopo bado wadaiwa.

Lakini twataka kusema neno moja mapema, ili asiwepo mtu atakayeondoka hapa amedanganyika. Njia tutakazozieleza ni za muda. Hazirudishi chuma kilichokwisha kuliwa. Zinakupa masika moja, au mbili ukiwa mwangalifu, upate nafasi ya kuweka akiba ya fundi wa kuchomelea. Tena ziko sehemu za gari ambazo hazitaki dawa ya muda hata siku moja. Hizo tutazifikia, na huko ndiko kwenye maneno ya chama hasa.

Tuanze na makosa yetu wenyewe. Tawi letu lilikuwa na pikapu ya Peugeot 504, ya zile zilizokuwa zikiunganishwa hapa Kenya. Wengi mnaikumbuka, maana ilibeba viti vya mikutano na ilibeba majeneza ya wenzetu pia. Juu ya taa ya kushoto, na tena nyuma ya gurudumu la mbele, rangi ilianza kutoa malengelenge madogo. Tulikuwa na kopo la lami iliyobaki katika kazi ya kuziba paa. Tukapaka lami ile mara mbili, pakawa peusi panang'aa, tukajisifu. Tukapaka na chini ya sakafu, juu ya udongo uliokauka, kwa kuwa hatukutaka kujichosha kuukwangua. Masika yakapita, na vuli ikapita. Siku moja mwenzetu alikuwa akiiosha, akaegemeza kidole gumba palepale, kidole kikaingia ndani chote. Lami ilikuwa nzima kabisa, haina hata ufa. Chuma ndicho kilichokuwa hakipo.

Tulikwenda kwa fundi wa bodi tukiwa na hasira, tukidhani tuliuziwa lami mbovu. Akatucheka. Alituambia kwamba lami ilifanya kazi yake sawasawa: iliyafunga maji yasitoke.

Hebu tuseme jinsi ilivyo. Chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, kutu haiendelei. Na kutu si kama ukoko wa kidonda unaokinga nyama iliyo chini. Hufura, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichotoka, huinua rangi iliyo kando yake, na hunyonya unyevu kama sifongo. Basi ukipaka kitu kizito juu ya kutu yenye unyevu, umeweka maji akiba. Hewa kidogo hupenya kando kando, na kazi inaendelea gizani ambako huioni. Laiti tungaliacha lile lengelenge wazi, likipigwa na jua, lingalioza polepole zaidi, na sisi tungaliona.

Watu husema kwamba magari ya mlimani hayaozi, maana hatuna bahari kama Mombasa, wala barabara zetu hazimwagwi chumvi kama zile za Ulaya wakati wa barafu. Ni kweli kwamba chumvi huharakisha kutu sana. Lakini sisi tuna udongo mwekundu. Udongo huu ni laini, hushika maji muda mrefu, ndiyo maana chai na kahawa zaupenda. Ukirushwa na gurudumu huingia katika kila pembe ya ndani ya madigadi, hujikusanya hapo, na hukaa mbichi ndani hata ukionekana mkavu kwa nje. Tena mwezi wa saba, ukungu ukitanda kutwa nzima, gari la Othaya halikauki kamwe. Wenzetu wa Nanyuki wana bahati, kwa sababu upande ule wa mlima hupata mvua chache. Pikapu yao imekwisha kukauka saa nne asubuhi, nayo yetu saa nane bado yadondoka.

Halafu kuna mizigo. Mbolea ya dukani ni chumvi za aina yake. Gunia likipasuka, chembe zinazoingia katika mikunjo ya bati huvuta unyevu wa hewa na kuuma chuma usiku kucha. Mkojo wa ng'ombe huuma. Maziwa yaliyomwagika yakichacha huuma. Chumvi ya kulambisha mifugo yajulikana. Na ndugu zetu wa Meru wanaobeba miraa iliyofungwa katika majani ya migomba yenye maji, wao sakafu zao hazikauki mwaka mzima, ila wanakwenda mbio sana hata hawapati nafasi ya kuzitazama.

Kwa hiyo dawa ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko zote, ni maji. Twajua ni ajabu kumwambia mtu atibu kutu kwa maji. Twasema maji ya kuondoa udongo. Gari litakalooshwa chini kila wiki ya mvua, ndani ya madigadi na nyuma ya taa, likaachwa likauke mahali penye upepo, hilo litadumu kuliko lile lililopakwa dawa za bei na halioshwi. Si lazima ulipe mashine ya kuoshea. Ndoo, kijiti kilichochongwa cha kukwangulia (si bisibisi, itakwaruza rangi), na bomba la kunyunyizia dawa ya kahawa litakalobebwa mgongoni, vitatosha. Lakini angalieni bomba hilo. Wengi hutumia dawa ya shaba kwa ugonjwa wa kahawa ambao nao twauita kutu. Shaba ikibaki ndani ya bomba, ikanyunyiziwa chuma kitupu, huongeza kuoza. Suuzeni bomba mara tatu kwanza. Wala msioshee gari mtoni. Walio chini ya mto Chania na mto Sagana nao wanakunywa.

Baada ya kuosha, tazama mahali maji yanapojificha. Kila mlango una matundu madogo upande wa chini, na lile sanduku la bati lililo chini ya milango lina matundu vilevile. Waliotengeneza gari waliyaweka ili maji yaliyopita kwenye mpira wa kioo yapate njia ya kutoka. Matundu hayo huzibwa na udongo, au huzibwa na fundi mpaka rangi asiyejali, na mlango ukawa mtungi. Ukiutikisa mlango ukasikia maji, umekwisha chelewa kidogo. Pitisha waya mwembamba katika kila tundu. Kazi hii ni ya nusu saa na haina gharama. Tazama pia lile bonde lililo chini ya kioo cha mbele, ambako majani ya mikaratusi na maua ya mijakaranda hujikusanya na kuoza. Inua zulia la ndani. Kama chini yake ni bichi, litoe kabisa. Ni afadhali kukanyaga bati tupu kuliko kukanyaga zulia lenye maji miezi sita. Na sinia la betri lioshwe kwa maji yenye magadi soda, kwa kuwa asidi ya betri hula bati upesi kuliko mvua.

Sasa tuje kwenye doa lenyewe. Doa likiwa dogo, yaani rangi imefura lakini bisibisi haipenyi, kazi yako ni kufika kwenye chuma cheupe. Kwangua rangi yote iliyolegea, hata kama inaonekana nzuri, mpaka ufike mahali rangi imeshika kweli. Kisha brashi ya waya, kisha msasa. Funga pua na mdomo, maana vumbi la rangi ya zamani laweza kuwa na risasi ndani yake, nalo si kitu cha kuvutwa wala cha kupelekwa nyumbani katika nguo. Pangusa kwa kitambaa chenye thina. Subiri pakauke. Paka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu ambayo mafundi huiita redi-oksaidi, koti mbili nyembamba, na juu yake rangi yoyote ya mafuta uliyo nayo. Msidanganyike kwamba ile nyekundu peke yake yatosha. Ni rangi ya chini, yapitisha unyevu, hutaka koti la juu. Na kazi hii isifanywe asubuhi ya ukungu. Fanyeni saa sita mchana siku ya jua, wakati bati limepata joto.

Wako watakaouliza habari ya soda. Twaulizwa kila mara. Soda nyeusi ya kola ina asidi ya fosfori ndani yake, na ni asidi hiyohiyo ambayo huuzwa dukani kama dawa ya kugeuza kutu. Lakini katika soda ni kidogo sana, na sukari ni nyingi. Italainisha kutu ya nati. Haitatibu mlango, na usiposuuza itakuletea nyuki. Chai ya rangi iliyo kali nayo hugeuza kutu kuwa nyeusi, kwa sababu ya tanini. Na magome ya miwati, yaliyokuwa zao la fedha katika wilaya hizi siku za zamani, yana tanini nyingi zaidi. Sisi tulichemsha magome tukajaribu juu ya kipande cha bati. Kikawa cheusi kizuri. Tukakiacha nje bila rangi, na baada ya majuma machache kikarudi kuwa chekundu. Basi hiyo ni dawa ya chini tu, nayo yahitaji rangi juu yake.

Tumefika kwenye oili chafu, na hapa najua kutakuwa na ubishi, kwa kuwa hata katika kamati yetu hatukupatana upesi. Wazee wengi wa barabarani wamepaka oili chafu chini ya magari maisha yao yote, na magari yao yalidumu. Hatuwezi kusema haifanyi kazi. Mafuta hufukuza maji, hupenya ndani ya kutu, na hayana bei. Lakini oili iliyotoka katika injini imechomeka. Ina masizi, ina asidi, ina maji kidogo, na ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayepaka mikononi mwaka hata mwaka. Mtu huyo ni nani? Si mwenye gari. Ni taniboi, na ni kijana wa gereji asiye na glavu. Tena oili hiyo hudondoka, huingia udongoni, na mvua huipeleka mtoni. Tena hulainisha bushi za mpira mpaka zikavimba. Kwa hiyo tuliamua hivi: tawi halitashauri oili chafu. Akiba ile ya shilingi chache hulipwa na ngozi ya mfanyakazi mwingine.

Badala yake, chukueni grisi ya kawaida, muichanganye na oili safi ya bei ya chini mpaka iwe kama uji mzito, muipake kwa brashi juu ya chesisi na sehemu za chini zilizo safi na kavu. Vaeni glavu. Msipake karibu na ekzosi, kwa sababu ya moto, wala msiguse diski au ngoma za breki, wala paipu za mpira. Udongo utashika juu ya grisi, hilo halizuiliki. Lakini utashika juu ya grisi, si juu ya chuma. Mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli, rudieni.

Kwa sehemu za ndani, kama vile ndani ya milango na ndani ya lile sanduku la chini, grisi haifiki. Hapo nta ya nyuki ni bora. Mbeere na Tharaka kuna wafugaji wengi wa nyuki, na nta chafu isiyofaa mishumaa huuzwa kwa bei ndogo. Sisi tunatumia sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za oili safi. Nta iwekwe ndani ya kopo, na kopo liwekwe ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Msiweke kopo juu ya moto wenyewe. Ikiyeyuka, ondoeni sufuria, mzime jiko kabisa, muende mbali nalo, ndipo mtie oili na kikombe kidogo cha mafuta ya taa ili iwe nyepesi. Twasema tena: moto uzimwe kwanza. Ikiwa vuguvugu, ipulizeni au imwageni kupitia matundu ya juu ya mlango, mkiliacha gari limeinama kidogo ili itambae. Mafuta ya taa yatapaa, nta itabaki imeshika. Kisha rudini na ule waya, mfungue matundu ya chini tena, la sivyo mtakuwa mmeyaziba wenyewe.

Mwenzetu mmoja wa Timau, ambako hufugwa kondoo wa sufu, alituonyesha njia nyingine. Huchemsha sufu isiyooshwa katika maji kwa saa nyingi, huacha maji yapoe, na mafuta ya manjano huganda juu. Mafuta hayo, ambayo viwandani huitwa lanolini, hushika chuma vizuri ajabu na hayaumizi ngozi. Harufu yake siku mbili za kwanza ni ya zizi. Mke wake, asema, alimtaka alale garini.

Kama tundu limekwisha kutokea katika madigadi au sakafu ya nyuma ya kubebea mizigo, mahali pasipobeba uzito wa gari, waweza kuweka kiraka cha muda. Kata kutu yote mpaka kwenye bati zima, paka redi-oksaidi pande zote mbili, weka kipande cha bati lenye zinki kilichobaki kwenye ujenzi wa nyumba, kifunge kwa ribiti, na hapo sasa lami ina kazi yake: kuziba ukingo wa kiraka ulio safi na mkavu. Zinki huliwa kwanza kabla ya chuma. Ndiyo sababu paa la mabati hukaa miaka mingi, na zinki ikiisha ndipo huwa jekundu. Lakini fundi asichomelee bati hilo lenye zinki bila kuikwangua zinki yote na kukaa mahali penye hewa. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku. Maziwa ambayo vijana hupewa kunywa hayazuii kitu, wasidanganywe kwa kikombe cha maziwa.

Fila peke yake juu ya tundu, bila bati nyuma, ni uchafu. Hatutasema zaidi.

Neno fupi kwa wenye Land Rover za zamani huko Nanyuki na Naro Moru. Bodi yenu ni alumini, haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo mwajiona mmesalimika. Chesisi yenu ni chuma. Tena pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Lazeni chini mtazame. Na kwa wanaotaka kununua: gari lililokaa Mombasa miaka kumi, au lililotoka sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara humwagwa chumvi, laweza kuwa na rangi nzuri kuliko gari lolote la Karatina, na chini likawa biskuti. Nunua kwa kutazama chini.

Sasa tumefika pale tulipoahidi.

Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi polepole kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti ya ubao, na vipande huanguka. Mahali pa kugonga zaidi ni pale springi zinaposhikwa, pale usukani ulipofungwa, pale mikanda ya viti na miguu ya viti iliposhika sakafu, na kwa gari dogo lisilo na chesisi, lile sanduku la chini ya milango, maana hilo ndilo uti wa mgongo wake. Paipu za breki zipanguse kwa kidole. Zikiwa na magamba, zibadilishwe. Katika sehemu hizi hakuna grisi, hakuna nta, hakuna ribiti, hakuna lami. Ni fundi anayejua kazi, au gari lisimame.

Mwenzetu mmoja, dereva wa lori dogo, aliambiwa na mwenye gari apake lami nyeusi chini yote, siku mbili kabla ya ukaguzi. Yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha kila siku na mawe mgongoni, kwa hiyo aligonga kwanza. Karibu na kishikio cha springi ya nyuma, nyundo iliingia. Alimweleza mwenye gari. Akajibiwa kwamba madereva ni wengi pale stendi. Alikuja ofisini kwetu jioni ile, amebeba kile kipande cha kutu katika karatasi ya sukari.

Tulimwandikia mwenye gari barua. Tulimwambia kwamba Sheria ya Trafiki, kifungu cha 55, hukataza gari bovu la hatari kutumiwa barabarani, na kwamba anayeliendesha hushtakiwa pia, si mwenye gari peke yake. Tukamwambia tena kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, humtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa aionayo, na humlinda asifukuzwe wala kuadhibiwa kwa kuiacha kazi ya hatari akiwa na sababu ya kweli. Lori lilisimama majuma mawili, likachomelewa. Dereva alirudi kazini. Mshahara wa majuma yale mawili tuliudai wote, tukapata nusu. Twawaambieni hivyo bila kupamba, kwa sababu wako watakaofanya kama yeye, na wajue kwamba njia hii ina gharama yake, na kwamba ile nusu nyingine bado tunaidai.

Kama ukiambiwa upake ili kuficha, andika siku na saa, chukua picha ya mahali palipooza kabla hapajapakwa, mwambie msimamizi wako mbele ya mtu mwingine, kisha njoo ofisini. Usingoje ukaguzi. Mkaguzi hutazama gari mara moja kwa mwaka, wewe walipanda kila siku. Na wenye magari yao wenyewe miongoni mwetu, msije mkamuuzia mwenzenu wa chama gari lililofunikwa. Ilitokea, wenyewe mwajua, na watu wale wawili hawasalimiani mpaka leo.

Mwisho ni habari za vyombo. Tawi lina brashi mbili za waya, nyundo ndogo, bomba moja la kunyunyizia ambalo halijapata kutiwa dawa ya shaba, na magogo manne ya mkaratusi yaliyokatwa sawasawa kwa kuegemeza gari. Magogo hayo tuliyanunua kwa sababu tuliona watu wakiingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mtu asikopeshwe brashi kama hakuchukua na magogo. Vyombo viko kwa mwenye kuweka funguo. Andika jina lako katika daftari, uvirudishe Jumamosi kabla ya saa kumi. Gogo moja halijarudi tangu masika. Aliyelichukua alilete, hata kama amekwisha kulipasua kuni, tujue tununue lingine.